Karatasi Iliyosahauliwa Kwenye Printa

Karatasi ilikuwa kwenye trei ya printa, maandishi juu. Kuna mtu aliituma ichapwe, akapigiwa simu, akaondoka akaisahau. Sisi tuliokuja nyuma yake kuchukua ankara zetu tukaikuta. Safu nne: jina, daraja la mshahara, alama ya tathmini, bonasi ya mwaka.

Macho hayana pazia.

Nikaona mistari miwili iliyofuatana. Dada wa ankara, na kaka ambaye meza zao zinatazamana. Daraja moja. Waliajiriwa pamoja, wakafundishwa kazi pamoja. Alama ya tathmini ileile. Bonasi ya dada ilikuwa theluthi mbili ya bonasi ya kaka.

Kabla sijaamua la kufanya, yule dada mwenyewe akatokea. Alichukua ankara zake, akazigongagonga mezani zikae sawa, macho yakatua pale. Hakushtuka. Aliigeuza karatasi kifudifudi, akasema, "Jamani, kuna mtu kasahau kitu chake hapa," akarudi kwenye kiti chake.

Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyeeleza. Funika kombe mwanaharamu apite.

Nilidhani ingepita. Haikupita, ila haikujitokeza pale nilipoitarajia.

Kilichokatika

Dada hakununa. Alifika kazini saa zilezile, malengo yake ya mwezi yalitimia, salamu zake zilibaki na uchangamfu wake. Ungesoma ripoti yake ungesema huyu ni mfanyakazi yuleyule.

Kilichokatika hakikuwa kwenye ripoti. Yule kaka ana mkono mwepesi, lakini tarakimu humponyoka. 54 huweza kuwa 45 na yeye akaendelea na safari. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi, kabla hesabu hazijafungwa, dada alikuwa akivuta faili la mwenzake na kulipitia kwa kalamu ya risasi, mstari kwa mstari, akiweka nukta pembeni ya kila namba iliyokaa vizuri. Hakuna aliyemtuma. Kazi hiyo haimo kwenye mkataba wake wala kwenye fomu ya tathmini.

Mwezi uliofuata nukta hazikuwepo.

Ankara ikaenda kwa mteja na tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Mteja akapiga simu kulalamika. Kwenye kikao kila mtu akainamia daftari lake.

Tulipobaki wawili nikamuuliza, "Dada, siku hizi hupitii tena lile faili?"

"Ndugu yangu," akasema bila hasira yoyote, "kila mtu na kazi yake."

Alisema kweli tupu, na ndiyo maana maneno yake yalinikaa kichwani wiki nzima, kisha nyingine. Mwaka huo kila mtu alipata bonasi. Hakuna aliyepunguziwa senti. Ofisi ilitoa fedha nyingi kuliko mwaka uliotangulia, na ilichonunua ni ushirikiano pungufu. Hesabu hiyo nilishindwa kuifunga.

Pesa ni pesa

Kuna mahubiri yanayopendwa sana kwenye semina za uongozi: kwamba wafanyakazi hawasukumwi na pesa, wanataka kuthaminiwa tu. Mtu akiniambia hivyo, kwanza hutamani kujua yeye mwenyewe analipwa kiasi gani.

Pesa inasukuma. Mwaka 1913 kiwanda cha magari cha Ford karibu na Detroit, Marekani, kilikuwa na mzunguko wa wafanyakazi wa asilimia 370, maana yake watu walikuwa wakiingia na kutoka kama abiria wa daladala. Januari 1914 kampuni ikatangaza dola 5 kwa siku ya saa nane, karibu mara mbili ya malipo ya awali. Kufikia 1915 mzunguko ulikuwa umeshuka hadi asilimia 16. (Wanaopenda kuisimulia habari hii kama hadithi ya ukarimu husahau kwamba kampuni iliwatuma wakaguzi majumbani kuona kama mfanyakazi analewa na kama nyumba yake ni safi, ndipo astahili malipo kamili. Zawadi yenye polisi ndani yake.)

Mwanauchumi Edward Lazear naye alichunguza Safelite, kampuni ya Marekani inayofunga vioo vya magari, ilipoacha kulipa kwa saa katikati ya miaka ya 1990 na kuanza kulipa kwa kila kioo kilichofungwa. Kazi kwa kila mfanyakazi iliongezeka kwa asilimia 44. Karibu nusu ya ongezeko hilo ilitokana na watu walewale kujituma zaidi. Sehemu iliyobaki ilitokana hasa na wenye mkono mwepesi kuvutiwa na kubaki.

Lakini tazama aina ya kazi. Fundi mmoja, kioo kimoja, gari moja. Hakuna mwenzake wa kumpitia nukta.

Mwanasaikolojia Frederick Herzberg, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1959, aliwahoji wahandisi na wahasibu wa eneo la Pittsburgh, Marekani, akauweka mshahara kwenye kundi la mambo ambayo yakikosekana yanakera na yakiwepo yanazoeleka. Wakosoaji wake walimjibu vizuri: mwombe mtu akueleze siku yake njema kazini, atajisifu mwenyewe, mwombe siku mbaya, atamlaumu bosi na mshahara. Nami naona walikuwa na hoja. Hata hivyo Herzberg alikuwa karibu na jambo moja. Kiwango cha bonasi ya dada hakikuwa kidogo. Kwenye karatasi peke yake kingemfurahisha.

Hakikuwa peke yake kwenye karatasi.

Basi tuanike yote

Wazo langu la kwanza lilikuwa rahisi: tatizo ni siri. Bandikeni orodha ukutani, kila mtu ajue, minong'ono iishe.

Wazo hilo nililishikilia kwa muda, mpaka nilipokutana na kazi ya mwanauchumi David Card na wenzake iliyochapishwa mwaka 2012. Mishahara ya watumishi wa Chuo Kikuu cha California ilikuwa tayari imewekwa kwenye tovuti ya wazi, lakini wengi hawakuwa na habari nayo. Watafiti wakawaarifu baadhi yao, waliochaguliwa kwa kubahatisha, kisha wakauliza maswali. Waliogundua kwamba wanalipwa chini ya mshahara wa kati wa wenzao wa idara moja na kazi inayofanana waliridhika na kazi yao kuliko wenzao kwa kiwango cha chini, na wakawa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema wanatafuta kazi kwingine.

Na waliogundua kwamba wako juu?

Hakuna kilichobadilika. Hawakufurahi zaidi. Nadhani mtu anayelipwa vizuri huamini ni haki yake siku zote, kwa hiyo habari haimpi kitu kipya.

Kwa hiyo kuanika kunawaumiza wa chini bila kuwainua wa juu. Nikabaki katikati: siri inaoza, uwazi unachoma. Ukimuuliza meneja yeyote, atakwambia ndiyo maana bahasha hufungwa kwa gundi.

Watatu watatu

Kilichonigeuza ni utafiti wa India. Emily Breza, Supreet Kaur na Yogita Shamdasani waliuchapisha mwaka 2018, na ni kama walikuwa wamesimama karibu na printa yetu.

Waliajiri wafanyakazi wa kazi za mikono kwa mwezi mmoja, wakawagawa watatu watatu, na kila kikundi kikatengeneza bidhaa ya aina moja. Malipo yalikuwa ya siku: ukija unalipwa, usipokuja hulipwi. Baadhi ya vikundi vililipwa sawa kwa sawa. Vingine vililipwa tofauti, kufuatana na nani alikuwa na kasi zaidi mwanzoni. Hapo wakaweza kuwalinganisha watu wawili wanaopokea ujira uleule kabisa, tofauti yao ikiwa moja tu: ujira wa majirani zao.

Kwenye vikundi vyenye malipo tofauti kazi ilipungua, na mahudhurio yakashuka pia. Hebu tulia hapo kidogo. Hawa si watu wa kuchezea ujira wa kutwa. Waliacha kwenda kazini na kupoteza malipo ya siku, na hali ilizidi kuwa mbaya kadiri wiki zilivyosonga. Na walipopewa jambo la kushirikiana ambalo lingewanufaisha wao wenyewe, vikundi vya malipo tofauti vilishindwa kushirikiana kama vile vya malipo sawa.

Mpaka hapa ungesema: basi, lipa wote sawa, tumemaliza.

Ila kuna vikundi ambavyo tofauti ya malipo haikuleta madhara yoyote yaliyoonekana: si kwenye kazi, si kwenye mahudhurio, wala kwenye mshikamano. Ni vile ambavyo mtu aliweza kuona waziwazi, kwa macho yake, kwamba mwenzake anayelipwa zaidi anazalisha zaidi.

Nilisoma sehemu hiyo nikairudia. Kumbe watu wanaweza kuibeba tofauti. Wasichoweza kuibeba ni tofauti isiyo na maelezo. Karatasi yetu ilikuwa na safu ya alama, zikalingana, na safu ya pesa, zikapishana, na katikati ya safu hizo mbili hapakuwa na kitu. Mtu akiachwa mbele ya pengo kama hilo atalijaza mwenyewe, na kile atakachojazia hakitakuwa sifa kwa ofisi. Ni ndugu wa bosi. Ni kwa sababu mimi mwanamke. Ni kwa sababu yeye anacheka cheka.

Huenda kulikuwa na sababu nzuri kabisa. Kaka alibeba kazi ya mwenzetu aliyekuwa likizo ya uzazi. Nilikumbuka hilo baadaye. Lakini sababu nzuri iliyofungiwa kwenye kabati la idara ya utumishi haimtulizi mtu yeyote.

Shambani na chini ya vichaka

Hata hivyo jibu la India halikunitosha, kwa sababu ya zile nukta za kalamu ya risasi. Kama tunalipa kinachoonekana, nani atalipia kisichoonekana? Kasi ya kaka inaonekana. Mfumo unahesabu ankara kwa jina. Usahihi wa ankara zake ulikuwa kazi ya mtu mwingine.

Hapa inafaa kuingia shambani kidogo. Oriana Bandiera na wenzake walichunguza wachumaji wa matunda kwenye shamba moja la Uingereza, wakachapisha matokeo mwaka 2005. Mwanzoni malipo yalikuwa ya kulinganisha: ukichuma kwa kasi kuliko wastani wa wenzako wa siku hiyo unalipwa zaidi, lakini kasi yako inapandisha wastani na kuwashusha wengine. Baadaye shamba likaanza kulipa kwa kilo bila kulinganisha. Uchumaji ukaongezeka kwa asilimia 50 au zaidi.

Chini ya mfumo wa kwanza wachumaji walikuwa wakijizuia, hasa walipofanya kazi pamoja na marafiki. Meneja anayesifia mshikamano kila Jumatatu angestaajabu: mshikamano ulikuwepo, na ulikuwa ukifanya kazi dhidi yake. Lakini kilichonichekesha ni kwamba kwenye tunda moja linalomea kwenye vichaka virefu, ambako wachumaji hawaonani, huruma ile ilitoweka. Kumbe haikuwa huruma tupu. Ilikuwa pia woga wa kutazamwa vibaya wakati wa mapumziko.

Ofisini tumeujua mfumo wa kulinganisha kwa jina la kupanga watu kwenye mkunjo: wachache juu, wengi katikati, wachache lazima wawe chini hata kama wote wamefanya vizuri. Microsoft waliuacha Novemba 2013 baada ya miaka mingi. Sina mengi ya kuongeza. Ukimwambia mtu kwamba kupanda kwako ni kushuka kwake, usimlaumu akificha alichojifunza.

Cheti ukutani

Wengine watasema, acheni pesa, toeni vyeti. Mfanyakazi hodari wa mwezi, picha ukutani, makofi.

Kwenye kiwanda kimoja cha kufulia nguo Marekani walianzisha tuzo ya mahudhurio: usipochelewa wala kukosa bila ruhusa mwezi mzima unaingia kwenye bahati nasibu ya zawadi. Timothy Gubler, Ian Larkin na Lamar Pierce walifuatilia kumbukumbu za kiwanda na kuchapisha walichokiona mwaka 2016. Watu waliwahi, ndiyo, lakini pale tu walipokuwa bado na nafasi ya kushinda. Wengine walipoona watachelewa walipiga simu kusema wanaumwa, kwa sababu ugonjwa haukumtoa mtu kwenye kinyang'anyiro.

Hayo unaweza kuyatarajia. Lisilotarajiwa ni hili: wale ambao siku zote walikuwa wakiwahi, au wenye uzalishaji wa juu, uzalishaji wao ulishuka kwa asilimia 6 hadi 8. Hakuna aliyewagusa. Walichofanya ni kumwona mchelewaji akipigiwa makofi kwa kufanya mwezi mmoja kile walichokifanya miaka yote bila asante. Kwa jumla kiwanda kilipoteza asilimia 1.4 ya uzalishaji.

Ningeishia hapo ningesema vyeti ni kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa. Lakini kuna jaribio lingine la mwaka huohuo wa 2016, la Christiane Bradler na wenzake, ambalo linakataa. Vijana walioajiriwa kwa saa chache kuingiza data walipewa kadi za shukrani bila kutarajia, na kazi ikaongezeka. Tena kadi zilipokwenda kwa watatu bora wa kikundi peke yao, matokeo yalikuwa makubwa zaidi, na walioongeza bidii zaidi ni wale ambao hawakupewa.

Nimejaribu kuyapatanisha majaribio haya mawili, na nadhani tofauti iko kwenye kutangazwa kabla. Tuzo ya kiwandani ilikuwa bei: fanya hivi upate hiki. Kadi ilikuja baada ya kazi, haikununua chochote. Wanasaikolojia waliliona hili kwa watoto wadogo tangu 1973, Mark Lepper na wenzake walipowaahidi baadhi ya watoto cheti kwa kuchora. Walioahidiwa, baadaye walipunguza kuchora kwa hiari yao. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa hawakupoteza hamu.

Na kuna jaribio moja la Ujerumani ninalolipenda kuliko yote. Sebastian Kube na wenzake waliwaajiri wanafunzi kuorodhesha vitabu vya maktaba. Walioongezewa euro 7 taslimu hawakubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Waliopewa chupa ya chai ya thamani ileile, imefungwa vizuri, waliongeza kazi kwa karibu robo. Ungesema wanapenda vitu. Basi wengine wakapewa zile euro 7, lakini noti imekunjwa ikawa shati dogo, na sarafu imechorwa uso unaotabasamu. Nao wakaongeza kazi kama wenye chupa, hata kidogo zaidi.

Pesa ileile. Ila kuna mtu alikaa akaikunja.

Viti vyenye mikono

Marupurupu madogo yana ukali wake ambao sijaona watu wakiujadili vya kutosha. Bima ya afya inayowahusu wote haimgombanishi mtu na mtu. Mshahara unauma mara moja kwa mwezi. Lakini sisi tuliwahi kuletewa viti vipya: kuanzia daraja fulani kwenda juu viti vina mikono na mgongo mrefu, chini ya hapo havina. Kuanzia asubuhi mpaka jioni unakikalia cheo chako. Mgongo hauna daraja, lakini jaribu kuyaeleza hayo kwenye ombi la manunuzi.

Siku hizi nikisikia mpango wowote wa posho huuliza kwanza kama utaonekana kila siku na wale wasioupata, na kama kuna anayeweza kuueleza kwa sentensi moja bila kukohoa.

Fomu mpya

Idara ya utumishi imetuomba maoni kabla ya kubadilisha fomu ya tathmini. Nimependekeza kila kiasi cha bonasi kije na sentensi ya sababu ambayo mhusika mwenyewe anaisoma. Nimependekeza pia sehemu ya bonasi iwe ya kitengo kizima. Najua hofu ya wavivu kubebwa. Hata mimi ninayo. Lakini kwenye mnyororo mmoja wa maduka ya mikate Ujerumani, wenye maduka 193, bonasi ya timu iliongeza mauzo kwa karibu asilimia 3, na gharama yake ikarudi na faida juu. Faili likiwa la wote, kulipitia faili la jirani kunakuwa kazi ya kila mmoja.

Pendekezo la mwisho lilikuwa mstari mmoja mtupu chini ya fomu: taja mtu aliyekusaidia kwa jambo ambalo halikuwa kazi yake, na jambo lenyewe.

Nikampa mzee wa kumbukumbu aisome kabla sijaituma. Yeye ameona fomu nyingi kuliko sisi sote. Alivua miwani.

"Mwanangu, ukiuweka mstari huu, watu watasaidiana ili waandikwe."

"Basi usiwe na alama, mzee. Mkuu wa kitengo ausome tu, amfuate mtu amwambie asante."

"Usipokuwa na alama, wataruka."

Tulibishana mpaka saa za kutoka, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Fomu nimeituma, mstari umo, na chini yake nimeandika pingamizi la mzee neno kwa neno.